Herufi Tatu za Kifuani

Shule zinapokaribia kufunguliwa, fundi hapati hata nafasi ya kujikuna. Sweta zinamjia kwa mafurushi, za kijani, za bluu, za rangi ya damu ya mzee, na kila moja inataka herufi tatu kifuani upande wa kushoto: ya jina la mtoto, ya jina la baba, ya jina la babu. Shule za bweni ndizo zilizoanzisha mtindo huo ili nguo zisipotee, na shule za kutwa zikaiga kwa kutotaka kuachwa nyuma. Fundi anakaa baraza moja na kinyozi. Cherehani yake ya kukanyaga inatazama barabarani, na mgongo wake umeelekea kiti cha kinyozi, kiasi kwamba anayenyolewa hana budi kumkodolea macho kisogoni mpaka amalize.

Watu wanamsifu kwa mkono wake. Herufi zake zinasimama wima, hazina ndevu za uzi, na ukigeuza sweta upande wa ndani huoni fundo hata moja. Lakini kuna jambo ambalo amelifanya miaka yote bila kumweleza mtu. Kabla ya kutunga uzi, huzisoma zile herufi kwa midomo tu, pasipo sauti. Zikiwa ni herufi za kawaida, anazishona. Zikijitia kuwa neno, tena neno la kumponza mtoto, anachomeka jani dogo la uzi wa kijani katikati yake ili zisisomeke kwa pamoja. Binti aliyekuja na N, Z na I alipewa jani moja baada ya N na jingine baada ya Z. Kijana wa P, U na A alipewa mawili ya kuizunguka U pande zote. Wazazi walidhani ni pambo. Wengine walirudi kulalamika kwamba mtoto wao amepunjwa, mbona wa jirani ana majani na wake hana, na fundi akawashonea majani bila kubisha, mpaka yakawa mtindo wa mji na hakuna aliyejua yalianzia wapi.

Yalianzia kifuani kwake mwenyewe. Jina lake fundi linaanza na B. La baba yake linaanza na U, na la babu yake, kwa bahati ambayo hakuna aliyeiomba, nalo linaanza na U. Alipokuwa anapelekwa bweni, mama yake aliketi na sindano na uzi mwekundu, akamdarizia herufi hizo kubwakubwa, za kuonekana kutoka ng'ambo ya uwanja, maana hakutaka mwanawe apoteze sweta. Mama alisoma pale jina la mwanawe, la mumewe na la baba mkwe wake, akaridhika. Wavulana wa bweni walisoma buu.

Pengine wangechoka nalo, kama watoto wanavyochoka na kila kitu. Lakini muhula huohuo mwalimu wa sayansi alichora ubaoni maisha ya mbu: yai, buu, pupa, mbu kamili. Alipotamka la pili, darasa zima liligeuka. Tangu hapo fundi hakuwa na jina lingine. Alikuwa Buu bafuni, Buu kwenye foleni ya chakula, Buu uwanjani, na kila asubuhi hakukosekana wa kumpapasa mgongoni na kumuuliza ataota mabawa lini.

Alifumua herufi kwa wembe, sweta likatoboka, akalitupa. Likizo ilipofika akamwambia mama yake limeibiwa. Mama akamdarizia jingine, kwa uzi uleule, akalifumua nalo, akasema limeibiwa tena. Mara ya tatu mama alimpa sweta tupu. Alisema huenda uzi wake mwekundu ndio unaowavutia wezi, na kwamba yeye si fundi, mkono wake ni wa kujaribujaribu tu. Fundi alisimama mbele yake na ulimi mdomoni, na neno moja la kumwambia halikutoka. Mama huyo alishafariki. Mpaka anafumba macho aliamini mwanawe hana mkono wa kutunza vitu.

Sasa mtu mzima huyu, mwenye nyumba ya vyumba viwili na mke anayeuza katika duka la dawa, alikuwa bado anaona haya kuandika herufi zake tatu kwa mfuatano. Akitakiwa kutia sahihi, anachora mchirizi kama wa konokono, anaondoka. Mkewe aliwahi kumuuliza shuleni alikuwa na jina gani la utani, kila mtu si huwa nalo, naye akajibu kwamba yeye alikuwa mpole, hawakumpa. Huo ulikuwa uongo wa siku za uchumba, na uongo wa siku za uchumba una tabia ya kuhamia nyumbani pamoja na vyombo.

Ndipo mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, mwenye mapafu ya kupigia mbiu. Mama mkwe akafunga nyumba yake akaja kumwangalia mzazi. Huyu alikuwa mama aliyefua mashuka ya hospitali tangu ujana mpaka kustaafu, akamsomesha binti yake peke yake kwa mikono hiyohiyo, na vidole vyake mpaka leo vimekunjamana kama vimetoka majini sasa hivi. Alimpenda mkwe wake bila maneno mengi. Alimwita mwanangu. Asubuhi fundi alikuta viatu vyake vimefutwa vumbi, na alipouliza, mama mkwe alisema vumbi halipendezi kwa mtu anayeshughulika na nguo za watu.

Siku moja, mama mkwe akiwa nje anaanika nepi, mkewe alisema kitu alichokuwa amekiamua zamani, kwa sauti ya mtu asiyetarajia ubishi. Mtoto atachukua jina la mama yangu.

Fundi alitabasamu. Kisha, kwa mazoea tu, midomo yake ikaanza kusoma. Jina la mama mkwe linaanza na M. La kwake B. La baba yake U. Tabasamu likamgandia usoni. Aliona darasa zima likigeuka. Aliwaona wale wavulana, sasa watu wazima wenye vitambi, wakijipiga mapaja kwa kicheko: Buu ameota mabawa. Buu amezaa mbu.

Mtu mwingine angelisema palepale, wakacheka wote wawili, yakaisha. Fundi wetu akasema tusiharakishe.

Zikaanza chenga. Mara jina ni zuri lakini refu. Mara ingefaa tusubiri tuone mtoto atafanana na nani. Mara akaja na hoja aliyoiona ni ya heshima kabisa: mkwe hamwiti mama mkwe kwa jina, yeye mwenyewe hajawahi kulitamka tangu aoe, sasa atamkemeaje mtoto aliyebeba jina hilo? Mkewe alimcheka, akamwambia atamwita bibi kama wanavyofanya watu wote, na kwani ameshaanza kupanga kumkemea mtoto wa siku chache? Mama mkwe hakuingilia. Alikuwa amekwisha kuambiwa na binti yake, na ingawa alijifanya hamnazo, majirani waliokuja kumtazama mtoto waliona namna alivyomnyanyua, kama mtu aliyeshika kitu chake.

Kuhusu majani ya kijani, msidhani hakuyafikiria. Aliyafikiria sana. Lakini yeye kuliko mtu yeyote alijua jani linaziba sweta tu. Haliwezi kuziba ubao wa matokeo, wala kitabu cha mahudhurio, wala mdomo wa mtoto mmoja mwenye akili za haraka aliyekaa dawati la nyuma.

Ikafika alasiri moja mkewe akamweka kati. Alitaka neno moja, ndiyo au hapana, na sababu yake. Mtoto amelala, pazia la jikoni limeshushwa, na nyuma ya pazia mama mkwe alikuwa anachemsha maziwa, mwiko ukigonga sufuria taratibu. Fundi alijua yupo pale. Ndiyo maana hata leo akikumbuka hutamani ardhi ipasuke. Alishikwa pabaya, akashika lililokuwa karibu.

"Jina lenyewe ni la kizamani," alisema. "Nani siku hizi anamwita mtoto hivyo? Wenzake watamcheka."

Mwiko ukanyamaza. Kisha ikaja harufu ya maziwa yanayofurika na kuungulia jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu afike, mama mkwe hakuwahi kuyaondoa motoni.

Mkewe hakupandisha sauti. Alisema polepole, akimtazama usoni, kwamba sasa amemwelewa. Anamwonea haya mama yake. Anaona haya mtoto wake kubeba jina la mfua mashuka. Fundi alitikisa kichwa, akafungua mdomo, na neno likamkwama palepale lilipomkwama mbele ya mama yake mzazi. Alijua akinyamaza anakubali. Akanyamaza. Kuitwa mtu mwenye dharau, alikuta kunamuuma kidogo kuliko kuitwa Buu, na alipogundua hivyo alijichukia.

Kutoka siku hiyo nyumba ilikuwa na adabu nyingi. Mama mkwe aliendelea kufua, kupika, kumwogesha mtoto. Viatu vya fundi viliendelea kufutwa vumbi. Kilichobadilika ni kimoja tu: hakumwita tena mwanangu. Alimwita fundi. Fundi, chakula tayari. Fundi, mvua inakuja, nguo ziko nje. Alimwita kama wanavyomwita wateja, kwa upole uleule, na kila alipoitwa fundi alihisi mtu anamfungia mlango taratibu ili asiamshe watu.

Alimsikia pia akimwambia binti yake, walipokuwa wanakunja nguo, wampe mtoto jina lolote wapendalo. Jina lake yeye limemtosha kulitumia mwenyewe, wala halikuwahi kumletea makubwa. Alisema bila kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma fundi, maana kama kingekuwepo kinyongo angeweza kujitetea. Kazini alivuruga sweta tatu mfululizo. Kinyozi alimuuliza kama mtoto anawakesha, akajibu ndiyo, mtoto, na kumsingizia kiumbe asiyejua kusema kukamzidishia aibu.

Asubuhi ya siku ya nne au ya tano, mama mkwe alikuja barazani. Amevaa nguo ya safari, begi mkononi, na kwapani amebana kiblanketi cheupe kipya. Fundi aliruka kumpisha benchi. Mama hakukaa.

"Fundi, nimepita kukuaga," alisema. "Mzazi ameshapata nguvu, na nyumba yangu nimeiacha siku nyingi. Hiki nimemnunulia mtoto. Nitilie herufi zake hapa pembeni. Sijui mmemwita nani na wala sikuulizi. Wewe shona tu, nikaone kwa macho, halafu niende stendi."

Fundi alikipokea. Kilikuwa laini, kimechaguliwa na mtu anayejua vitambaa. Akakibana kwenye duara la mbao, akakiweka chini ya sindano, akaweka mguu kwenye kanyagio. Na nitasema ukweli wote juu yake: wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kwamba mambo yamekaa vizuri. Atashona herufi yoyote. Mama ataiona, atapanda basi, atasahau. Mke atanuna, kisha atazoea. Mtoto atapata jina la kisasa, na neno lile fundi atazikwa nalo.

Mguu haukukanyaga. Alikitazama kile kiblanketi, na alichokiona ni sweta la tatu, lile tupu, mama yake akimpa huku akiomba radhi kwa mkono wake wa kujaribujaribu. Alikuwa anamruhusu mama mwingine aondoke na lawama isiyo yake.

"Mama, jina lako halina kosa," alisema bila kugeuka.

"Sikusema lina kosa."

"Mimi ndiye niliyesema. Lakini si jina. Ni herufi." Akachukua chaki ya kukatia nguo, na juu ya ubao wa cherehani akaandika M, akaandika B, akaandika U. B ilitoka na tumbo moja kubwa na moja dogo.

Mama mkwe aliinama akasoma kwa kidole, herufi moja moja. Nyuma yao mkasi wa kinyozi ulikuwa umesimama. "Mbu," alisema mama. Alifikiri kidogo. Kisha akauliza swali ambalo fundi hakulitegemea. "Na za kwako zinasemaje?"

Hapo ndipo palikuwa penyewe. Fundi alifuta ubao kwa kiganja, akaandika nyingine tatu, ambazo hakuwa amezipanga pamoja tangu atoke shule. Mama akazisoma. Hakucheka. Alimtazama mkwe wake, mtu mzima mwenye futi shingoni, akikwepa macho kama mtoto aliyejikojolea.

"Ndivyo walivyokuita?"

"Mpaka namaliza shule."

Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, yakatoka yote: ubao wa mwalimu, mabawa, wembe, sweta la kwanza na la pili, uongo wa wezi, mama yake aliyeacha kudarizi. Aliyasimulia kwa haraka, akiuambia ule ubao wa cherehani. Mama mkwe hakumsaidia wala hakumharakisha.

"Kwa hiyo mama yako alikwenda bila kujua," alisema mwisho.

"Bila kujua."

"Na leo ningekwenda mimi." Aliweka begi chini. "Neno moja tu, fundi, umewanyima mama wawili."

Maneno yalikuwa ya kweli na yamesemwa taratibu, mbele ya kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa, na aibu iliyompanda fundi haikuwa ile ya bwenini. Ile ilikuwa ya kuonewa. Hii aliitafuta mwenyewe, akailea, akaipa chumba ndani ya nyumba yake. Mama mkwe akaketi kwenye benchi, akaweka begi juu ya magoti.

"Nenda ukamwambie mwenzako. Mimi sitakusemea. Nakulindia cherehani yako hapa. Akitaka nirudi, nitarudi. Asipotaka, basi la mchana lipo."

Alikwenda. Njia ya kutoka barazani mpaka nyumbani ni fupi, ya kupita duka la vifaa vya ujenzi na ukuta wa shule ya chekechea, lakini alipiga moyo konde mara nyingi njiani, na kila mara moyo ulimponyoka. Alimkuta mkewe ananyonyesha, macho mekundu, maana mama alikuwa ameshamuaga. Hakukaa. Alisema kama alivyosimama, mikono mgongoni, akaanza na neno lenyewe kabla halijamkimbia.

"Shuleni niliitwa Buu."

Akaeleza kwa nini, kisha akaeleza mtoto angekuwa nani. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, na mwishoni mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka. Alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Fundi alisimama akakipokea kile kicheko, cha kwanza cha aina yake tangu bweni, na akashangaa kwamba kinauma vilevile, palepale, ila hakiui mtu. Alikuwa amekimbia miaka yote kitu ambacho mtu anaweza kukisimamia.

Kisha mkewe akaacha kucheka, ghafla, akamuuliza jambo moja. Kama mama asingepita barazani, angemwacha aondoke hivyohivyo?

Jibu la kumfurahisha lilikuwa tayari mdomoni. Fundi alilirudisha.

"Ningemwacha."

Mkewe alitazama pembeni, kwenye lile jiko lenye alama nyeusi ya maziwa. "Hilo la Buu nitalisahau kesho," alisema. "Hili la pili sijui." Hakusema kwa hasira. Alimviringisha mtoto vizuri, akamfunika kichwa kwa ajili ya upepo, akamweka mikononi mwa baba yake. "Mpeleke kwa mwenye jina. Na ulitaje wewe, mimi nisikutajie."

Fundi akarudi njia ileile na mtoto kifuani, upande wa kushoto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtoa nje. Alitembea kwa hadhari kama aliyebeba bakuli lililojaa, watu wakampisha, na kwenye ukuta wa chekechea watoto walikuwa wanaimba namba kwa sauti kubwa. Alizisikiliza sauti zile akajua humo humo ndani, miaka michache ijayo, atakuwepo mmoja mwenye akili za haraka. Hatoweza kumzuia. Labda ataweza tu kumwambia binti yake mapema, kabla hajaambiwa na wengine, kwamba baba yake naye alikuwa na lake.

Mama mkwe alikuwa bado benchini, begi magotini, mgongo umenyooka. Alimwona anakuja na hakuinuka. Kinyozi alikuwa anafagia nywele, akaegemea ufagio, na yule mteja, ambaye sasa kichwa chake kilikuwa kimekamilika na hakuwa na sababu ya kukaa, alikaa.

"Na huyu mgeni ni nani?" aliuliza mama mkwe.

Fundi alisafisha koo. Tangu aoe hakuwahi kulitamka jina lile, kwa heshima mwanzoni, na hizi siku za karibuni kwa woga. Alilitaja. Akaendelea na la kwake, akamalizia na la baba yake, yote matatu kwa ukamilifu, kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara. Kinyozi alisikiliza akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha midomo yake ikaanza kucheza pasipo sauti, akizipanga herufi, akaona ni zilezile, na macho yakamtoka. Fundi alimwona. Masikio yalimwaka moto, lakini hakutazama chini.

Mama mkwe aliweka begi kando, akanyoosha ile mikono yake iliyokunjamana.

"Mlete hapa, mwanangu," alisema, "kabla hajaanza kutuuma."

Baraza lilivunjika mbavu, yule mteja akashika kioo asianguke. Fundi hakucheka wala hakuchukia. Neno mwanangu lilikuwa limemrudia, na pamoja nalo kumbukumbu ya mwanamke mwingine ambaye hakuwepo tena wa kuombwa radhi. Alimkabidhi mtoto, akageukia cherehani. Kiblanketi kilikuwa kama alivyokiacha, kimebanwa chini ya sindano. Akafungua droo, akauruka uzi wa kijani, akatafuta mwekundu uliokuwa nyuma kabisa, ule asiopenda kuutumia. Akautunga, akaweka mguu kwenye kanyagio, akashona M, akashona B, akashona U, zimekaribiana, bila jani.